Siku Moja Rhodes kwa Miguu Yako: Mwongozo wa Abiria wa Meli ya Kitalii

Bandari nyingi za Ugiriki humshusha abiria mbali na kile alichokuja kukiona. Anayeitaka Athens hushuka Piraeus, kisha apande treni. Anayetaka Olympia hushuka Katakolo na kutafuta basi au teksi. Rhodes, kisiwa cha Ugiriki chenye mji wa jina hilohilo, haikuweki hivyo. Meli hufunga gati chini ya ukuta wa Mji Mkongwe, na kutoka ngazi ya meli hadi lango la kwanza ni matembezi mafupi ambayo hata mzee mwenye mkongojo anaweza kuyamudu.

Kwa sababu hiyo sioni haja ya kununua ziara ya kampuni ya meli kwa ajili ya mji wenyewe. Utakaa kwenye basi, utasubiri watu arobaini washuke, halafu utatembezwa nyuma ya kibendera katika njia ambazo ungezipita peke yako kwa utulivu. Kinachohitajika ni mpangilio mzuri wa safari: uende wapi kwanza, wapi uache hadi mchana, na saa ngapi ugeuke kurudi. Mwongozo huu umepangwa kwa meli inayofika asubuhi na kuondoka jioni.

Viza na hati, kabla hujaondoka nyumbani

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Congo au Oman anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ili kushuka Ugiriki. Wengi wanalijua hilo. Wanachokisahau ni kwamba safari nyingi zinazopita Rhodes hupita pia Uturuki, na Uturuki haimo katika Schengen. Meli ikitoka Ugiriki ikaenda Kuşadası kisha ikarudi Ugiriki, wewe umetoka Schengen na unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja haitakufaa hapo, kwa hiyo omba ya kuingia mara nyingi, na uambatanishe ratiba ya meli kwenye maombi ili afisa aone sababu. Viza ya Uturuki nayo iulizie mapema.

Meli nyingi huchukua pasipoti za abiria na kuzitunza hadi mwisho wa safari. Piga picha ya ukurasa wa pasipoti na wa viza, uzihifadhi kwenye simu, na ubebe nakala ya karatasi pia. Tangu Julai 2025 Ugiriki hutoza ada kwa abiria wa meli za kitalii wanaoshuka bandarini. Ada hiyo hukusanywa kupitia kampuni ya meli, kwa hiyo mtu akikufuata gatini akidai umlipe yeye, mpite.

Saa: hapa ndipo watu huachwa na meli

Wakati wa kiangazi saa za Ugiriki ni sawasawa na za Nairobi na Dar es Salaam. Majira ya baridi Ugiriki hurudi nyuma kwa saa moja. Kama meli yako imetoka Italia, kuna tofauti ya saa moja kati ya nchi hizo mbili, na simu hujibadilisha yenyewe wakati mwingine meli haijabadilisha. Saa ya kufuata ni ya meli. Kabla ya kushuka, itazame saa iliyo ukutani karibu na mlango wa kutokea na uilinganishe na ya mkononi mwako.

Tangazo la meli huandika muda kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Ukiona 17:30, hiyo ni saa kumi na moja na nusu jioni kwa hesabu yetu. Kama mnasafiri familia nzima, waliozoea saa za Kiswahili na waliozoea za Kizungu, kubalianeni kwa sauti, kila mtu aseme kwa namna yake, maana "saa tano" kwa bibi na "saa tano" kwa mjukuu aliyekulia London si wakati uleule. Muda wa kurudi uliotangazwa pia si muda wa kung'oa nanga. Abiria hutakiwa kuwa ndani mapema, mara nyingi nusu saa kabla au zaidi.

Unachobeba

Viatu kwanza. Njia za Mji Mkongwe zimetandazwa kokoto za mtoni zilizosimamishwa wima, na miaka ya nyayo imezilainisha hadi zinateleza. Ndala zitakutesa, na soli nyembamba utaijutia kabla ya adhuhuri. Beba maji uliyojaza melini, kofia, na mtandio au shati la mikono kwa ajili ya nyumba za ibada. Pakua ramani ya mji kwenye simu ukiwa bado na intaneti ya bure, kwa sababu laini ya nyumbani hula salio haraka huko. Fedha ni euro. Ukitoa kwenye ATM, tumia iliyobandikwa kwenye ukuta wa benki, na ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya kadi yako, kataa, uchague euro.

Hatua ya kwanza: ingia kwa Lango la Bahari, upande Ippoton kabla ya umati

Shuka mapema kadiri unavyoweza. Kuna lango karibu zaidi na gati, lakini mimi napendekeza ufuate barabara ya ufukweni, bahari kuliani, ukuta kushotoni, hadi lango lenye minara miwili mikubwa ya duara. Hilo ni Lango la Bahari, lililojengwa 1478 chini ya Pierre d'Aubusson, Mkuu wa watawa wapiganaji waliotawala kisiwa wakati huo. Linakuingiza kwenye uwanja wa Ippokratous wenye chemchemi katikati. Usisimame hapo sasa, utaurudia baadaye. Pinda kulia, ufuate mtaa wa Ermou hadi uwanja wa Jumba la Makumbusho, na kushoto kwako utaona njia nyoofu inayopanda: Ippoton.

Waliokaa mtaa huu walikuwa watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane. Shirika lao lilianzia Jerusalem likihudumia mahujaji wagonjwa, likageuka jeshi, na baada ya Wakristo kufukuzwa Palestina lilihamia Cyprus, kisha likaitwaa Rhodes na kuitawala tangu 1309 hadi 1522. Waligawanywa kwa lugha zao: Wafaransa, Waitaliano, Waingereza, Wajerumani, watu wa Provence, wa Auvergne, wa Aragon, wa Castile. Kila kundi lilikuwa na nyumba yake ya kukutania na kupokea wageni, na nyingi ziko kwenye njia hii moja. Tazama ngao za mawe juu ya milango. Ya Wafaransa ndiyo iliyopambwa kuliko zote, na utaijua kwa maua ya yungiyungi ya wafalme wao.

Njia yenyewe ni ya kale kuliko watawa. Mji wa Rhodes ulipoanzishwa mwaka 408 kabla ya Kristo, pale miji mitatu ya kisiwa, Ialysos, Kamiros na Lindos, ilipoungana, mitaa ilichorwa kwa mistari iliyonyooka, na Ippoton imelala juu ya barabara ya wakati huo. Usafi unaouona leo, bila kibaraza wala kigingi, ni kazi ya Waitaliano waliotawala kisiwa tangu 1912. Waliviondoa vibaraza vya mbao vilivyoongezwa wakati wa Waturuki ili mtaa uonekane wa enzi ya watawa peke yake. Ni mzuri, lakini ujue umechaguliwa enzi.

Saa mbili asubuhi utausikia mtaa huu kwa nyayo zako mwenyewe. Saa nne vibendera vimeshaujaza.

Hatua ya pili: Kasri la Mkuu

Juu kabisa ya Ippoton ndipo Kasri la Mkuu wa shirika. Nunua tiketi mtandaoni kupitia tovuti rasmi ya wizara ya utamaduni ya Ugiriki, na uangalie hapohapo saa za kufungua, maana hubadilika kati ya kiangazi na majira ya baridi.

Kasri la awali ni la karne ya 14. Mwaka 1856 baruti iliyokuwa imehifadhiwa karibu ililipuka ikaliangusha. Jengo unaloingia lilisimamishwa upya na Waitaliano kati ya 1937 na 1940, na lilikusudiwa kuwa makazi ya mfalme wao Victor Emmanuel III na ya Mussolini watakapozuru. Ndiyo maana ngazi ni pana kiasi kile na vyumba vimejengwa kwa ajili ya gwaride kuliko kulala. Sakafu ndizo za kutazamwa: michoro ya vijiwe vya rangi, mingi ikiwa imeng'olewa kisiwa cha Kos na kuletwa hapa. Watu wengi hupita juu macho yakiwa darini. Tazama chini, utafute uso wa Medusa, yule wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka.

Saa moja inatosha humu. Mwenye muda mfupi anaweza kuliacha Kasri na kubaki na jumba la makumbusho la hatua ya tano, ambalo kwangu lina uzito zaidi.

Hatua ya tatu: msikiti, maktaba, kisha handaki

Ukitoka Kasri shuka kidogo kusini kuelekea mnara wa saa. Karibu yake utaona Msikiti wa Suleiman wenye kuta za rangi ya waridi, uliopewa jina la Suleiman, Sultani wa Waturuki aliyeutwaa mji. Mara nyingi mlango wake hufungwa, basi usiufanye kuwa ndio shabaha ya siku. Ng'ambo yake kuna maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, ya mwaka 1793, yenye miswada ya Kiarabu, Kituruki na Kiajemi. Ua wake ni mdogo, umetulia, na msomaji aliyelelewa na misahafu na tungo za hati ya Kiarabu atajisikia amefika kwa jamaa. Ukiukuta wazi, ingia.

Sasa rudi upande wa Kasri, utoke nje ya mji kwa Lango la Amboise, lililojengwa 1512, na karibu nalo utafute njia ya kushukia handakini. Kama ningeruhusiwa kumwonyesha mtu kitu kimoja tu Rhodes, ningemteremsha hapa. Ni bure, na abiria wengi wa meli hawajui kama inawezekana.

Handaki hili halikuwa la maji. Ni mfereji mkavu mpana uliochongwa ardhini kuuzunguka mji upande wa nchi kavu, na leo umeota nyasi na miti. Ukitembea ndani yake, ukuta wa mji unapanda upande mmoja na ukuta wa nje upande wa pili, nawe uko mahali ambapo askari wa Uturuki walikufa kwa maelfu. Kila kundi la lugha lilipewa kipande chake cha ukuta kulinda, kwa hiyo unapotembea unapita kipande cha Wajerumani, kisha cha Auvergne, cha Aragon, cha Waingereza, cha Provence, hadi cha Waitaliano. Njiani yamelala mawe ya mizinga, mviringo kabisa, mengine makubwa kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuliinua hata moja.

Mwaka 1480 jeshi la Sultani Mehmed II lilibomoa ukuta upande wa mtaa wa Wayahudi na likakaribia kuingia, likarudishwa. Watawa wakaongeza unene wa kuta na kuzipa maumbo ya kuhimili mizinga. Mengi unayoyaona ni ya baada ya hapo. Mwaka 1522 Suleiman alikuja mwenyewe. Mji ulizingirwa miezi sita. Desemba, Mkuu Philippe Villiers de L'Isle-Adam alikubali kuusalimisha kwa masharti, na tarehe 1 Januari 1523 watawa waliosalia waliondoka kwa meli na silaha zao. Miaka saba baadaye walipewa Malta.

Matembezi haya, ukienda pole, ni chini ya saa moja. Asubuhi ukuta bado unatoa kivuli sehemu nyingi, ndiyo maana nimeyaweka hapa na si mchana. Toka upande wa mashariki, karibu na lango la Akandia. Utakuwa si mbali na meli yako, kwa hiyo aliyechoka anaweza kurudi ndani apumzike na kushuka tena.

Hatua ya nne: mtaa wa Wayahudi

Kutoka Akandia ingia tena ndani ya ukuta. Vichochoro hapa ni vyembamba, vina matao ya mawe yanayounganisha nyumba juu ya kichwa chako, na aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja atajua la kufanya: asihangaike na ramani, ashike mteremko, utamfikisha baharini.

Tafuta sinagogi la Kahal Shalom, lililojengwa 1577, kongwe kuliko yote yanayotumika bado Ugiriki. Jumamosi hufungwa. Ndani, sakafu ni ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa nakshi, na pembeni kuna makumbusho madogo ya picha za familia. Tenga nusu saa, na usiharakishe.

Wayahudi hawa walizungumza Kihispania cha kale, kwa kuwa wengi walitokana na waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana walianza kuondoka kutafuta riziki, na njia moja iliyozoeleka ilielekea Afrika: Congo ya Wabelgiji, hasa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Huko walifungua maduka, wakajenga sinagogi, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili cha Katanga. Baba yake mwanasiasa Moïse Katumbi, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes. Msomaji wa Lubumbashi akifika hapa huenda akakuta kwenye kuta majina ya ukoo aliyoyaona kwenye vibao vya maduka ya mji wake.

Waliobaki hawakuwa na bahati hiyo. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa kisiwa, zaidi ya watu 1,600, wakawapakia kwenye mashua, na mwisho wa safari ulikuwa Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa wachache sana. Uwanja ulio karibu, wenye chemchemi ya sanamu za farasi wa baharini, unaitwa Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi, na kumbukumbu ya jiwe jeusi imesimama chini ya miti. Migahawa imeuzunguka. Kaa kidogo mbele ya jiwe kabla ya kukaa mezani.

Chakula

Mtaa wa Sokratous, unaopanda kutoka uwanja wa Ippokratous, una wapiga debe wenye menyu za picha. Uliza bei kabla hujaketi, hasa ya vinywaji: kuna mahali huleta bilauri kubwa ambayo hukuiagiza kwa ukubwa huo, na bili huja na ukubwa wake. Mkate unaowekwa mezani bila kuombwa nao huweza kulipiwa. Sogea vichochoro viwili kusini, bei hushuka na wenyeji huonekana.

Agiza pitaroudia, bajia za dengu za kisiwa hiki zenye nyanya na mnanaa. Mwislamu ajihadhari na gyros na souvlaki, nyama choma za Kigiriki, kwani mara nyingi huwa za nguruwe. Uliza "kotopoulo", kuku, au kula samaki, na kama unahitaji nyama iliyochinjwa kihalali, bora ule vya baharini na mboga.

Hatua ya tano: hospitali ya watawa, jua likiwa kali

Saa saba hadi saa tisa mchana mawe ya mji huwaka. Wakati huo uwe ndani ya Jumba la Makumbusho ya Akiolojia, chini ya Ippoton ulikopita asubuhi. Jengo ndilo hospitali ya watawa, lililoanzwa 1440 na kukamilika 1489. Panda kwenye ukumbi mrefu wa wagonjwa: dari ya mbao, matao katikati, na vijumba vidogo vya giza pembezoni mwa kuta. Kazi ya kuuguza ndiyo iliyolizaa shirika, na hawakuiacha hata walipokuwa wakipigana.

Katika vyumba vya sanamu mtafute Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, aliyechuchumaa akizishika nywele zake kwa mikono miwili, marumaru ndogo ya karne ya 1 kabla ya Kristo. Watu humpita kwa udogo wake. Kisha nenda bustanini, ukae.

Ukibaki na muda: Mandraki, na swali la Lindos

Bandari ndogo ya Mandraki iko kaskazini, mwendo mfupi nje ya ukuta. Ina vinu vitatu vya upepo, ngome ya Mtakatifu Nikolasi, na nguzo mbili zenye sanamu za kulungu pale mashua zinapoingilia. Wauza picha watakuambia sanamu kubwa ya Helios, mungu wa jua, ilisimama hapo mguu huku na mguu huko, meli zikipita katikati. Haikuwa hivyo. Ilijengwa na Chares wa Lindos mwanzoni mwa karne ya 3 kabla ya Kristo, kimo chake kama mita 33, ikaangushwa na tetemeko mwaka 226 kabla ya Kristo, na mahali iliposimama hapajulikani hadi leo.

Lindos ni kama kilomita 50 kusini: hekalu la Athena juu ya mwamba, na chini yake ghuba ambayo mapokeo husema ndiko aliposhukia Mtume Paulo, ambaye Matendo 21:1 yamtaja akipitia kisiwa hiki. Mabasi ya KTEL huondoka karibu na Soko Jipya hapo Mandraki, na safari huchukua zaidi ya saa moja kwenda tu, kisha kuna kupanda ngazi juani. Meli ikikaa kwa muda wa saa kumi au zaidi, nenda asubuhi mapema na uuache mji kwa alasiri. Ikikaa kwa muda wa saa nane, chagua kimoja, na mimi ningechagua mji. Abiria wa ziara ya meli akichelewa barabarani, meli humngoja. Wewe uliyekuja kwa basi la abiria hutangojwa.

Kurudi

Anza kurudi saa moja kamili kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Kadi yako ya meli iwe mkononi, kwani walinzi wa geti la bandari huitaka kabla ya ukaguzi wa mizigo, na foleni ya saa ya mwisho ni ndefu. Gazeti la kila siku la meli lina namba ya wakala wa bandari. Ipige picha asubuhi. Likikufika la kuchelewa, mpigie huyo kwanza, maana pasipoti za abiria waliokosekana huachwa kwake, naye ndiye atakayekuambia jinsi ya kuifuata meli kwenye bandari inayofuata. Dharura ya aina nyingine yoyote, namba ni 112.